Umetembea Siku Ngapi?

Swali la nne ndilo lililoleta balaa, na Anyango alilijua hilo tangu nyumba ya kwanza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kashindye, jirani yake wa ukuta kwa ukuta huko juu Igogo, kwenye mawe. Kashindye alikuwa amekaa mlangoni anapaa samaki. Anyango akavuta kigoda, akavaa miwani, akasoma kama alivyoelekezwa, neno kwa neno.

"Katika siku saba zilizopita, umetembea siku ngapi?"

Kashindye akaacha kisu hewani. "Nimetembea na nani?"

"Haijaandikwa na nani. Imeandikwa siku ngapi."

"Wewe Mama Favour! Baba watoto yuko Ukerewe kwenye dagaa, wewe unanijia na kalamu kuniuliza nimetembea siku ngapi? Andika sijatembea. Andika kwa herufi kubwa, akirudi asome mwenyewe."

Wakacheka, magamba yakawarukia mpaka kwenye karatasi. Anyango akayapangusa kwa kiganja, akaandika sifuri. Chini ya sifuri palikuwa na maelekezo: kama jibu ni sifuri, ruka uende swali la tisa. Akaruka. La tano mpaka la nane, yaani ulikwenda wapi, kwa shughuli gani, ulikuwa na nani, na moyo wako ulijisikiaje, hayo yote hayakuulizwa.

Asubuhi hiyohiyo Kashindye alikuwa ameshuka mwaloni, kule wavuvi wanakotia nanga, kuchukua samaki, beseni kichwani, kwenye zile ngazi za mawe zinazotoka juu mlimani mpaka ziwani. Jioni angeshuka tena. Siku sita kwa wiki, mara mbili kwa siku, na mvua ikinyesha anashuka kwa kukaa, ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza. Lakini kule kwao kushuka mwaloni ni kushuka mwaloni. Ni kwenda kwa miguu. Kutembea ni jambo jingine. Kutembea ni kwenda kwa shangazi Sengerema ukakaa siku tatu unakula vya watu. Kutembea ni kutoka huna unachokwenda kufanya. Na mwanamke akisemwa kwa sauti ya chini kwamba "yule anatembea," hakuna anayeuliza anaelekea wapi.

Anyango aliyajua haya yote. Mwenye swali ndiye hakuyajua.

Mwenye swali alikuwa Profesa Urvi, binti wa marehemu mzee Chandrakant, yule aliyekuwa na duka la vitambaa mjini ambako Anyango alinunua sare za watoto wake wote. Urvi alisoma sana, akaenda ng'ambo, akarudi na elimu ya saikolojia, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyosafiri kila siku, kwenda sokoni, kazini, kisimani, na jinsi safari hizo zinavyowaathiri mioyo. Alisema mtu anayekwenda kwa miguu kwenye njia nzuri anakuwa na afya bora ya roho kuliko mtu aliyebanwa kwenye chombo cha moto, na tena hachafui hewa ya wajukuu wake. Anyango alimpenda kwa maneno hayo. Alimpenda pia kwa kuwa alikunywa uji wake wa ulezi mpaka mwisho, akalamba na kijiko.

Siku ya kumkabidhi karatasi, Profesa alizitoa kwa mikono miwili. "Mama Favour, nimekuchagua wewe kwa sababu akina mama wanakuamini. Nakuomba kitu kimoja tu. Soma kama ilivyoandikwa. Usiongeze neno, usipunguze neno. Ukilainisha swali, jibu linaharibika."

"Nimekuelewa, Profesa."

Darasa lake la saba Anyango alilimaliza zamani huko Mara, kwa tabu, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumkabidhi karatasi za maana kuliko risiti. Akazifunga kwenye kitenge kama anavyofunga Biblia yake. Kusema kweli, hata alivyokuwa anatoka kwa Kashindye, wazo la kwanza lililomjia ni la kurudi kwa Profesa na kumwambia: hili neno halitakwenda, badilisha uandike "umekwenda kwa miguu." Lingekuwa jambo la dakika tano. Akajiambia, nani mimi wa kumsahihisha profesa? Kaniambia nisiongeze neno.

Akajiambia hivyo nyumba ya pili, na ya kumi, na ya hamsini. Kila mlango kicheko kilekile. "Mimi? Nimeokoka mimi!" "Andika zamani, kabla sijaolewa." Bibi mmoja wa miaka themanini alimwambia, "Andika natamani." Sifuri, ruka. Sifuri, ruka. Wanawake mia moja arobaini.

Ila Anyango alikuwa mtu wa kujichunguza kila jioni kabla ya kulala, na katika kujichunguza huko alijua kwamba ile habari ya kutii agizo la Profesa ilikuwa shuka tu. Chini ya shuka palikuwa na Alhamisi.

Mumewe, Orwa, alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki, hakumpiga wala hakumnyima. Lakini hakupenda mkewe aonekane njiani bila sababu. "Mke wa mzee wa kanisa ana shughuli gani barabarani?" Kwa miaka thelathini na moja Anyango alitoka na ndoo, au kapu, au mtoto mgonjwa. Hakutoka mikono mitupu. Orwa alipokufa alimlilia kwa kweli, na mpaka leo akimwota huamka na mto umelowa.

Kisha, mwaka wa pili wa ujane, maombi ya akina mama ya Alhamisi yaliisha mapema, saa nne. Anyango akafika njia panda ya kwake, miguu ikapita. Ikashuka ngazi mpaka ziwani, ikafuata ukingo, ikapita mawe makubwa yenye madoa ya kinyesi cha ndege, ikaenda, ikaenda. Hakuwa na kapu. Upepo wa ziwa ulimwingia kwenye mikono ya gauni. Aliporudi nyumbani, binti yake Favour akamuuliza, "Mama, maombi yamechelewa?" Akajibu, "Yameisha saa sita." Tangu siku hiyo, kwa Favour, maombi ya Alhamisi huisha saa sita.

Hakukuwa na mwanamume. Afadhali angekuwepo, angalau hiyo ni dhambi yenye jina, mtu anaitubu na kuombewa. Hii yake haikuwa na jina. Ilikuwa ni furaha. Swali la nane lilijibiwa kwa kutia alama kwenye moja ya picha tano za nyuso; ile ya mwisho, inayocheka mpaka macho yamefumba, ndiyo sura yake ya Alhamisi, na Anyango hakuona mjane wa Orwa anawezaje kuitia alama hiyo kwa kalamu. Kwa hiyo karatasi yake mwenyewe aliijaza mezani kwake, mlango umefungwa. Yeye, tofauti na wenzake wote, alijua swali linauliza nini. Akaandika sifuri. Akaruka. Na sifuri yake ikajificha katikati ya sifuri za wenzake kama mbuzi wa wizi katikati ya kundi.

Mvua za Machi zikaja. Jumanne moja asubuhi Kashindye aliteleza kwenye ngazi, pale palipobomoka karibu na mti wa mwarobaini. Beseni lilishuka peke yake mpaka chini likipiga kelele, na yeye alivunjika mkono wa kulia.

Wiki mbili baadaye Profesa Urvi akaja kwa Anyango, uso umemshuka. Akanywa uji nusu, akaacha.

"Mama Favour, matokeo ya Igogo yamenishangaza. Kule Kisesa mwalimu Antoni, niliyempa karatasi kama hizi, ameniletea siku sita, siku saba. Wanawake wanatembea kila siku. Hapa kwenu, mawe matupu, bodaboda zenyewe hazipandi, mnaniambia hakuna anayetembea. Hata mmoja."

Anyango akachokonoa kucha yake. Baadaye alikuja kujua kwamba mwalimu Antoni alilisoma swali mara moja tu, akaona wanawake wa Kisesa wanakonyezana, basi nyumba zilizofuata akawauliza kwa maneno yake: mnakwenda kwa miguu?

"Nimelifikiria sana," Profesa akaendelea. "Nadhani ngazi zimewachosha akina mama kiasi kwamba wameacha kutoka. Wanabaki ndani. Hiyo ni huzuni kubwa. Lakini ripoti lazima iseme ilichokikuta. Jumatatu naisoma ofisi ya kata. Mnajua fedha za mradi wa njia zinatosha jambo moja tu: kujenga upya ngazi, au kuchonga ile barabara ya upande wa pili na kuweka kituo cha bodaboda. Kwa namba hizi, ngazi siwezi kuzitetea."

"Ehe," Anyango akasema. Sauti yake mwenyewe ilimtoka kama ya mtu wa jirani.

"Kuna kitu unataka kuniambia, mama?"

"Uji umepoa, Profesa. Nikuongezee moto?"

Ijumaa habari zilikuwa zimeshazunguka. Anyango alimpelekea Kashindye mboga alizomkatia, maana mwenzake kwa mkono mmoja hakuweza. Akamkuta amekaa kitandani, plasta imeshachafuka, anafoka.

"Umesikia, Mama Favour? Ngazi basi! Machibya na wenziwe wa bodaboda wanapiga honi toka asubuhi. Eti utafiti umesema wanawake wa Igogo hatupiti pale. Huu mkono niliuvunjia wapi, msalani?"

"Pole, mama."

"Yule mama wa Kihindi anajua nini? Kazaliwa ndani ya gari. Kakaa ofisini kwake kwenye feni, kaandika anavyotaka. Hawa watu wanatudharau, Mama Favour. Wanakuja wanakunywa uji wetu, wanaondoka wanatuandikia uongo."

Anyango alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini polepole, isilie.

Alijua kwamba hapo ndipo mahali pa kusema. Si Profesa. Ni mimi. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Mungu ndiye ajuaye." Kashindye akaitikia, "Kweli kabisa, Mungu anamwona," na Anyango akahisi kwamba ameitwa kwa jina.

Jumapili kanisani hakushiriki meza ya Bwana. Alipopitishiwa kikombe alikipokea, akakipitisha kwa aliyefuata. Mama aliyekaa naye alimtazama mara moja tu. Siku nzima hakula. Aliomba apewe ujasiri, halafu akaomba mkutano uahirishwe, halafu akaona aibu kwa ombi la pili akaomba asamehewe hilo.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa amesimama nje ya ofisi ya kata, kitenge kipya, kandambili mkononi kwa sababu ya matope, anangoja. Profesa Urvi aliposhuka garini na mafaili yake, Anyango hakumsalimia vizuri.

"Swali la nne halikueleweka," akasema. "Kwetu kutembea si kwenda kwa miguu. Kwetu kutembea ni umalaya, au ni kuzurura. Wote walicheka, wote wakasema sifuri. Hao wote wanapita kwenye ngazi kila siku."

Profesa alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Wote?"

"Wote."

"Tangu lini umelijua hili?"

"Nyumba ya kwanza."

"Mama Favour! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisiongeze neno."

Profesa akafumba macho. Alikuwa mwanamke wa haki, na jambo hilo lilimchoma, Anyango aliona. "Nilisema hivyo, kweli," akasema taratibu. "Nimezaliwa mji huu. Nilidhani Kiswahili changu kinatosha. Nilipaswa kukaa na ninyi kwanza, niwasomee, nisikie mnavyocheka. Hili kosa ni la kwangu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa hapo, mpana. Angeweza kutokea hapo, akaenda zake nyumbani na kosa limebebwa na mwingine, msomi, mwenye mabega. Akakumbuka jinsi alivyokwishamwachia mwanamke huyu matusi ya Kashindye.

"Hapana, Profesa. Hiyo si sababu. Ningeweza kukufuata siku hiyohiyo. Mimi sifuri ile ilinifaa. Mimi natembea. Kila Alhamisi. Sina ninakokwenda. Natembea tu ukingoni, peke yangu, na nafurahi. Sikutaka uniulize nafurahi vipi. Basi nikawaacha wenzangu wote waseme hawatembei, ili na mimi nisionekane."

Profesa akabana mafaili yake kifuani. Huenda miaka yote ya kuchunguza safari za watu na mioyo yao alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyo. Lakini alichosema ni: "Lazima niwaeleze ndani."

"Nitawaeleza mwenyewe."

Ukumbi ulijaa. Wanawake wa mlimani upande mmoja, Kashindye mbele na plasta yake. Upande wa pili Machibya, mwenyekiti wa bodaboda, na vijana wake, kofia magotini. Mtendaji wa kata akafungua kwa sala. Profesa akasimama, akasema ripoti ya Igogo ina kasoro na hataisoma, na mama huyu ataeleza.

Anyango alieleza. Alipofika kwenye neno lenyewe, ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, hata mtendaji akajifunika kwa karatasi. Machibya akainuka, akaona nafasi yake.

"Mheshimiwa mtendaji, hawa akina mama walishajibu. Leo wameona kituo kinajengwa wamegeuza. Kesho watageuza tena! Na wewe mama yetu, mjane wa mzee Orwa, uliyejaza kwa mkono wako, na wewe ulikuwa hujaelewa Kiswahili? Au mwenzetu unatembea?"

Vijana wakapiga meza.

"Nilielewa," Anyango akasema. "Mimi pekee niliyeelewa. Niliandika uongo. Ninatembea, ndiyo. Alhamisi, baada ya maombi, naenda ukingoni kule kwenye mawe mpaka saa sita. Siendi kwa mtu. Mwanangu namwambia maombi yamechelewa." Akashika kiti cha mbele yake. "Usiwahesabie hawa wenzangu uongo wangu, baba. Wao walijibu ukweli wa neno walilolisikia. Aliyedanganya ni mmoja."

Hakuna aliyepiga meza tena. Machibya alibaki amesimama kidogo, akaketi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa ungesema tu, mama."

Mtendaji akaamua: jambo lisimame mwezi mmoja, akina mama waulizwe upya, kisha kata ichague. Akaonya kwamba mwezi ukipita bila majibu, mradi utahamia kata nyingine, ngazi na kituo vyote vikose. Profesa akakubali. Akaongeza, bila kumtazama Anyango, kwamba safari hii karatasi zitabebwa na mtu mwingine, Mumtaz wa duka la dawa, na kwamba swali litaandikwa baada ya kukaa na akina mama wenyewe.

Hilo lilikuwa haki. Anyango alilijua kuwa ni haki, na hata hivyo kitenge alichozoea kufungia karatasi kikawa kizito mapajani mwake.

Wakati wa kupanda kurudi, wanawake walitangulia makundi makundi wakiongea. Wengine walimgusa bega wakipita. Mmoja alinong'ona, "Mama, hiyo Alhamisi tupitie wote," akacheka. Wengine walipita kama wanaopita gogo. Anyango alibaki nyuma ya Kashindye, ngazi tatu chini yake, ili akiyumba amdake. Kashindye hakugeuka. Pale palipobomoka alisimama, akatafuta pa kuweka mguu, akakosa, mwishowe akaketi kwenye jiwe kupumzika, mkono wa plasta umeulaza pajani.

Ziwa lilikuwa limetulia, mtumbwi mmoja unarudi.

"Siku ile mlangoni kwangu," Kashindye akasema, "tulicheka sana."

"Tulicheka."

"Mimi nilicheka kwa kuwa nilidhani ni mzaha." Akamtazama sasa, macho makavu. "Wewe ulikuwa unacheka nini?"

Anyango alikuwa amesema mengi siku hiyo, mbele ya watu, na alidhani yamekwisha. Alisimama palepale, ngazi tatu chini, kandambili mkononi, na hakuthubutu kupanda mpaka mwenzake ainuke kwanza.